Magazeti ya zamani ya Englebert na ya pigano la Ali: ya asili yanajulikana vipi?

Mwana_Kenya_Lshi
Wandugu, jambo. Kuna furushi linauzwa hapa Lubumbashi: gazeti moja lina Englebert (klabu ya soka ya hapa, leo TP Mazembe) na Kombe la Klabu Bingwa Afrika la 1968, lingine lina mabondia Ali na Foreman. Yote mawili ni kahawia sawasawa toka pembe hadi pembe. Nitajuaje kama ni ya asili?

Yaya_Kamalondo
Ndugu, anza na tarehe. Fainali ya kombe la 1968 ilichezwa Machi 1969: Englebert 5-0 Étoile Filante ya Lomé, halafu 1-4 kule Lomé. Gazeti la Desemba 1968 lenye ushindi huo, liache hapohapo. Soma pia jina la nchi: liwe Congo, kwani Zaïre ilikuja Oktoba 1971. Ila bei ikiandikwa kwa makuta usishtuke. Pesa hiyo ilitangulia, tangu 1967.

Ali na Foreman walipanda ulingoni Kinshasa kama saa kumi alfajiri, 30 Oktoba 1974. Gazeti la pale lililochapwa usiku wa kuamkia pigano haliwezi kuwa na matokeo. La New York la tarehe 30 linaweza, maana kwao ilikuwa bado saa nne usiku, tarehe 29. Tena, pigano lilipangwa kwanza 25 Septemba, likaahirishwa Foreman alipochanika juu ya jicho mazoezini. Magazeti ya Septemba ni mazuri sana, lakini usiyalipie bei ya ushindi.

Mchapaji
Hiyo kahawia sawasawa ndiyo mbaya. Karatasi ya gazeti ni mti uliosagwa. Hewa na mwanga huila kuanzia kingo na mikunjo, katikati hubaki pamepauka. Rangi moja kote, na karatasi ina mawimbi? Hiyo imepakwa chai ionekane kuukuu. Shika kioo kinachokuza mara 10, tazama uso wa mchezaji: picha ya mtambo wa uchapaji ni nukta zilizopangwa kwa safu, nene kwenye kivuli, ndogo kwenye mwanga. Fotokopi ya mashine ni unga uliotawanyika. Kisha geuza. Nyuma pawe na habari nyingine, matangazo, vifo. Nyuma nyeupe ni nakala.

Mwana_Kenya_Lshi
Asante, yaya. La Englebert limekunjwa mara nne na lina skochi (utepe wa gundi). Niibandue?

Yaya_Kamalondo
Hapana! Gundi imekwisha kuingia kwenye nyuzi, ukivuta wino unatoka nayo. Mkunjo nao usiufungue kiangazi, karatasi ikiwa kavu hukatika palepale. Ngoja mvua za kwanza hewa ilainike. Lilaze bapa ndani ya bahasha ya poliesta (plastiki angavu), na kartoni isiyo na asidi nyuma yake. Usipitishe kwenye plastiki ya moto (laminesheni), haitoki tena. Sanduku likae mbali na ukuta, mchwa hupandia hapo. Mvua zikikolea, fungua kila wiki: ukiona ukungu, tenga gazeti hilo, likaukie kivulini penye upepo, ndipo ulipanguse kwa brashi laini, nje ya nyumba.