Transfoma imelipuka, kundi la hosteli linasema ni risasi: mtu aandike nini ili aaminiwe?

Mwakilishi wa Nyawita
Hamjambo wenzangu. Ni mwakilishi wa darasa, mwaka wa tatu, hapa Kisumu, na pia nasimamia kundi la WhatsApp la hosteli yetu Nyawita. Juzi usiku transfoma ya barabarani ililipuka, stima ikapotea mtaa mzima. Papo hapo mtu akaandika: "Risasi getini! Zimeni taa mlale chini." Taa zenyewe hazikuwepo, lakini hakuna aliyeliona hilo. Kisha ukaja ujumbe wa sauti, msichana analia, hasemi ni nani wala yuko wapi. Huo ndio uliowamaliza watu. Ukatoka kwetu ukaingia kundi la kanisa, la chama, la ukoo. Mama akanipigia kutoka Bondo kuuliza kama niko hai, nami nimesimama na bawabu tunautazama waya uliokatika.

Nikaandika: "Ni transfoma, nimeiona kwa macho yangu." Nikajibiwa: "Utawala umekulipa ngapi?" Hapo watu walikuwa wameshaamua kwamba kuna wavamizi na chuo kinaficha. Tangazo la chuo lilikuja asubuhi, wakati kijana mmoja ameshavunjika kifundo kwa kuruka kutoka ghorofani. Inaniuma sana. Nifanyeje siku nyingine?

Mama Wawili, Kakamega
Mwanangu, pole, na umpe pole huyo kijana. Ila sisi wazazi mtuelewe. Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi walivamia Chuo Kikuu cha Garissa, wakafa watu 148, na wapo watoto waliopiga simu nyumbani kuaga. Siku kumi baadaye, kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi, umeme ulilipuka usiku, wanafunzi wakadhani wamevamiwa. Mmoja akafa, zaidi ya mia wakaumia. Mzazi akisikia sauti inalia hangoji uthibitisho. Mimi ningeisambaza hiyo sauti, nasema kweli.

Mzee wa Milimani
Nimefanya kazi ya mawasiliano miaka mingi. Kijana, tatizo lenu ni lile tangazo la asubuhi. Mkubwa akinyamaza, kimya chake kinasomwa kama jibu. Virginia Tech, Marekani, tarehe 16 Aprili 2007: wanafunzi wawili walipigwa risasi bwenini saa moja na robo asubuhi, barua pepe ya kwanza ya chuo ikatoka saa tatu na dakika 26. Muda mfupi baadaye muuaji alikuwa jengo lingine, akaua 30 zaidi. Ilidhaniwa ni ugomvi wa kimapenzi na muuaji ameshaondoka, chuo kikakawia kuwaambia watu. Kingeweza kusema: "Kuna tukio, tunalifuatilia, kaeni ndani, tutawaandikia tena." Sentensi hiyo haihitaji uhakika wowote. Daini hiyo kwa mkuu wa wanafunzi, kwa maandishi.

Odhis wa Kondele
Funga kundi, wasimamizi peke yao waandike.

Dada wa Njoro
Odhis kaka, ukilifunga watahamia kundi lingine ambalo huyu mwenzetu hayumo, na huko hakuna wa kuwajibu. Liache wazi. Bora uende na mtu wanayemjua, mpige video moja isiyokatwa: anzia kwenye bango la hosteli, tembea hadi kwenye transfoma, taja saa, na bawabu aonekane akiongea. "Nimeona" ya maandishi kila mtu anaweza kuiandika. Video iwe fupi, wengi usiku bando limeisha. Na yule aliyerekodi kilio mtafuteni kwa upole. Labda alikuwa ameogopa kweli.

Mwakilishi wa Nyawita
Asanteni. Mama, nimekuelewa, na kundi la wazazi tutalifungua wiki hii ili wapate neno kutoka kwetu moja kwa moja. Mzee, barua naiandika leo, nitaomba hiyo sentensi moja itumwe kwa SMS ndani ya dakika kumi. Nasisitiza SMS kwa sababu bawabu wetu ana kabambe, ile simu ndogo ya vibonye, hana WhatsApp, na usiku ule yeye ndiye aliyejua ukweli kabla yetu sote. Dada, msichana tumempata. Alikuwa peke yake chumbani, mlango umekwama.