Ukuta wa shule yetu: roketi za nani?

Mleta mada (Mbeya): Wadau, kamati ya shule ya msingi mtaani kwetu inataka ukuta wa mbele uchorwe "Tanzania ya mwaka 2100". Mchoraji ameleta mfano: roketi, maghorofa ya vioo, magari yanayopaa. Wazazi tumegawanyika. Mimi napinga.

Kati ya 1899 na 1910 wachoraji wa Ufaransa, Jean-Marc Côté akiwamo, walichora kadi za mwaka 2000. Zimamoto wana mabawa. Darasani mwalimu anatumbukiza vitabu kwenye mashine, mtoto anazungusha mpini, elimu inapita kwenye waya hadi masikioni mwa wanafunzi. Lakini tazameni tena: wavulana wamekaa safu zilezile, mwalimu yuko mbele vilevile, elimu bado ni ya kumiminiwa. Mashine waliiwaza, shule nyingine hawakuiwaza. Kadi zile zinatuonyesha Ufaransa ya 1900, siyo mwaka 2000.

Mjukuu wangu ataona nini kwetu? Hakuna mlima wetu Loleza, hakuna ukungu wa Uyole, hakuna hata behewa moja la TAZARA. Atajua tuliazima hadi ndoto.

Mdau wa Iringa: Napinga hoja. Nani kakwambia roketi ni ya wenzetu? Mwaka 1964, hapo Zambia tu, mwalimu Edward Makuka Nkoloso aliwaandaa vijana kwenda anga za juu kwa kuwaviringisha ndani ya pipa mteremkoni. Walimcheka. Ila katika safari aliyoiota alimweka msichana, Matha Mwamba. Nchi ilikuwa ndiyo kwanza inapata uhuru, na ndoto yake ikawa kubwa kiasi hicho. Binti yangu yuko darasa la tano. Asinyimwe roketi kwa sababu babu zake walilima viazi.

Mdau wa Vwawa: Mnasahau kimondo cha Mbozi. Kile chuma kilitoka angani, na wenyeji walikifahamu kabla wageni hawajakiandika mwaka 1930. Chora kimondo, roketi iondokee hapohapo.

Mleta mada: Wa Iringa, hilo la Nkoloso limenigusa, na roketi naiondoa kwenye pingamizi langu. La kunakili silikubali bado. Jumamosi kwenye kikao nitaomba watoto wapewe chaki na karatasi kwanza, mchoraji akuze ukutani walichowaza wao. Wa Vwawa, kimondo nitakitaja.