Naombeni ushauri: naandika wasifu wa mama yetu, tunazika Jumamosi

Binti_Umatengo:
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Mama yetu ametutoka. Mwili unakuja nyumbani Ijumaa, Jumamosi tunazika hapa kijijini, wilaya ya Mbinga, baada ya misa. Kamati ya mazishi imenikabidhi wasifu wa marehemu kwa kuwa mimi ni mwalimu. Nimepewa dakika tano.

Baba mdogo ameniletea wasifu uliosomwa kwenye msiba mwingine ili nifuate mtindo: alizaliwa, alibatizwa, alisoma hadi darasa la saba, alifunga ndoa, alijaliwa watoto, halafu aya ndefu kuliko zote ni ya ugonjwa, hospitali hii, rufaa ile. Nikiufuata huo, mama atakuwa mtu aliyezaliwa, akaolewa, akaugua.

Mama alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji tangu sisi tukiwa wadogo. Hakuajiriwa. Alipewa fulana, daftari, na posho siku za semina. Manesi wakija na huduma ya mkoba, wanakuta kina mama wamejaa chini ya mwembe, maana yeye alishazunguka kitongoji kizima jana yake. Mwaka 2018 chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi ilipoanza kutolewa nchini kwa wasichana wa miaka 14, hapa ulivuma uzushi kwamba inafunga uzazi. Mama alimtanguliza mdogo wetu wa mwisho, mbele ya wazazi wote. Machi 2022, baada ya polio kuonekana Malawi, matone yalitolewa nyumba kwa nyumba mkoani kwetu Ruvuma. Alipanda na kushuka milima hii na magoti yake yanamuuma.

Baba mdogo anataka yote hayo yawe sentensi moja, eti haikuwa ajira.

Tena kuna suala la baba. Alipopata kiharusi, mama ndiye aliyemwogesha, akamlisha, akamshika mkono mpaka akatembea tena, huku kahawa akiichuma na kuimenya peke yake. Jana baba aliniita akaniambia, "Andika kwamba mama yenu alinilea." Wazee wa ukoo wanasema ni aibu kwa mwanaume.

Na kaka yetu. Mama alimchukua akiwa mchanga, mzazi wake alipofariki akijifungua. Wapo wanaotaka asiwe kwenye orodha ya watoto, atajwe pembeni, "pia alilea". Nifanyeje?

Katekista_Mstaafu:
Pole sana mwanangu. Raha ya milele umpe ee Bwana. Nimesimama kwenye misiba mingi mno, nakwambia hivi: ugonjwa uupe sentensi mbili. Watakaokuja wanajua aliugua, wengi walikwenda kumwona. Tarehe za sakramenti ziwepo, ila zipite haraka. Kama alikuwa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, wao wana salamu zao, na jumuiya wana zao; waulize watasema nini ili usirudie. Dakika utakazookoa zipeleke kwenye kazi yake.

Nesi_wa_Zahanati:
Pole dada. Usiandike "alipenda kujitolea", andika alichofanya. Watu hawajui mhudumu wa kijiji anafanya nini hasa. Anapita na ule utepe wa kupimia mkono wa mtoto, akiona umeangukia kwenye nyekundu, chini ya sentimita 11.5, anajua huyu ana utapiamlo mkali na hawezi kusubiri siku ya kliniki. Anamleta zahanati, mara nyingine kambeba mwenyewe mgongoni. Mimi nikimpokea mtoto yule, nusu ya kazi imeshafanyika. Mwombeni mganga mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati yenu, aseme kwa dakika moja. Hapo hoja ya "haikuwa ajira" itakwisha.

Jambo moja zito: daftari lake msilisome wala kulionyesha. Ndani yake mna majina ya watu na maradhi yao. Lirudisheni zahanati. Na kwenye wasifu usitaje aliyesaidiwa ni nani, hata kama kijiji kizima kinajua.

Mwana_Ukoo:
Mimi niko tofauti kidogo kuhusu mzee. Neno lake liheshimiwe, lakini kuogeshwa na kulishwa ni mambo ya chumbani. Siku hiyo atakuwa ameketi mbele ya wakwe na wajukuu. Andika "alinilea", useme ni maneno yake mwenyewe, uishie hapo.

Mama_Tanga:
Poleni wafiwa. Kama alikuwa anaweka fedha za kikundi, zihesabuni leo mkiwa na viongozi wa kikundi. Sisi tulilikuta hilo katikati ya msiba. Na masuala ya madeni ayatangaze msemaji wa familia, yasiingie kwenye wasifu.

Wa_Kakamega:
Poleni sana kutoka Kenya. Huku kwetu wasifu mrefu huchapishwa kwenye kijitabu pamoja na picha, na unaosomwa huwa mfupi. Hata karatasi moja pande mbili inatosha. Na huyo ndugu yenu mhesabuni. Atashika mchanga na nyinyi pale kaburini, sasa mtamwambia asimame wapi?

Binti_Umatengo:
Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimeketi na baba. Ya chumbani amekubali yaachwe, ila sentensi yake hataki iguswe. Kaka yetu tumemweka wa tatu, kwa mpangilio wa umri. Shangazi mkubwa ndiye aliyeamua, akasema mtoto huyo alinyonya kwa mama pamoja na mimi, hivyo mjadala umefungwa.

Sehemu ya kazi nimeianza hivi: "Kwa miaka mingi, mtoto aliyezaliwa katika kitongoji hiki alitembelewa na mama kabla hajatimiza wiki. Alipima, aliandika, alirudi tena. Hakulipwa mshahara. Wazazi waliokataa chanjo hakuwagombeza, aliketi nao jikoni akiwasaidia kupepeta maharage hadi wamalize maswali yao."

Ugonjwa una sentensi mbili. Mganga mfawidhi amekubali kuzungumza, na daftari tumeshalifunga kwenye bahasha apewe siku hiyo hiyo. Naenda Mbinga mjini kuchapa kabla steshenari hazijafungwa.