Kilimanjaro bila kampuni: sharti la kiongozi libaki, lilegezwe au lifutwe?

Mleta mada
Wakuu, tangu 1991 hakuna anayepita geti la Kilimanjaro kwenda kileleni bila kiongozi aliyesajiliwa, na kwa vitendo hiyo ni kusema lazima upitie kampuni yenye leseni. Mwenye begi lake, hema lake na ramani yake anarudishwa. Kwingine duniani mambo ni mchanganyiko. Nepal ilitangaza kuanzia 1 Aprili 2023 kwamba mgeni haendi milimani bila kiongozi, lakini serikali ya mtaa ya Khumbu, upande wa Everest, haikulifuata agizo hilo. Peru inadai kiongozi kwenye Njia ya Inka, ila mji wa chini ya Machu Picchu unaufikia kwa miguu yako kutoka kituo cha Hidroeléctrica, ukifuata reli kama kilomita 10. Japani haidai kiongozi Fuji. Yenyewe inafunga geti kuanzia saa 8 mchana hadi saa 9 usiku kwa asiye na nafasi ya kulala kibandani, ili watu wasikeshe njiani wakipanda.

Sharti letu sisi linalinda nini hasa? Ukijibu "usalama", taja saa ngapi na mita ngapi.

Chai ya Tangawizi
Lifutwe. Madaktari wa milimani wana kanuni moja: ukishavuka mita 3,000, unapolala leo pasizidi ulipolala jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku 3 au 4 pumzika siku nzima. Sasa itazame njia ya Marangu ya siku 5. Vibanda vya kulala: Mandara mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720. Mita 1,000 kila usiku! Na ratiba hiyo inauzwa kihalali, ina kiongozi, mpishi na risiti.

Nenda Aconcagua, mita 6,961, ndefu kuliko Kilimanjaro kwa zaidi ya kilomita moja. Argentina haimlazimishi mtu kuchukua kiongozi. Inampa kibali, halafu akifika kambi ya Plaza de Mulas daktari anampima presha, oksijeni kwenye damu na mapafu. Akikutwa hafai, haruhusiwi kuendelea. Kwetu mgeni anapimiwa nini zaidi ya pochi?

Mzee wa Mizigo
Chai, hesabu yako ya mita naikubali, ila umeuruka usiku wenyewe. Kutoka Kibo ni saa 6 usiku. Mbele yako changarawe legelege mpaka Gilman's, ukingo wa kreta, mita 5,685, ukipanda hatua unarudi nusu. Mgandamizo wa hewa kileleni ni kama nusu ya ule wa pwani. Mpira wa kunywea maji unaganda kama mtu haupulizi baada ya kila funda ili maji yarudi kwenye mfuko wake. Chupa inawekwa kichwa chini, kwa kuwa barafu huanzia juu, vinginevyo mdomo unaziba. Betri zinakaa kifuani. Haya yote mtu mwenye akili atajifunza nyumbani kwake.

Asichoweza ni kujikagua. Ubongo ukianza kuvimba, kinachotangulia kuondoka ni ule utambuzi wa kwamba unaumwa. Kwa hiyo kiongozi anamwambia mgeni atembee mstari mnyoofu, kisigino kigusane na vidole vya mguu wa nyuma. Akipepesuka, anashushwa. Akihema hali ameketi, anashushwa, hata kama juu zimebaki dakika 20. Na kumshusha mtu mzima kwenye changarawe ile kunataka watu wawili wa kumshika makwapa, mpaka Kibo ilipo machela ya gurudumu moja. Aliyeanguka peke yake nyuma ya jiwe saa 10 alfajiri, atamwita nani?

Mpanga Ratiba
Nyote mnazunguka mbuyu. Tatizo ni bei ya siku. Kwa viwango vya miaka ya karibuni, mgeni asiye mkazi analipa dola 70 za hifadhi na 60 za kibanda kwa siku, weka VAT ya 18%: dola 153 na senti, kabla hujamlipa mtu yeyote wala kununua nyanya. Siku ya kuzoea hewa Horombo ndiyo hiyo. Mteja analinganisha bei mtandaoni, kampuni inaifuta siku ile ili ionekane nafuu, na kiongozi anakabidhiwa mgonjwa aliyetengenezwa na karatasi ya bei.

Ukimwondoa kiongozi na bei ikabaki, anayejipangia safari naye ataikata siku ile ile, labda na nyingine juu yake. Kwanza siku ya kuzoea hewa ilipiwe nusu, au isilipiwe kabisa, na Marangu ya siku 5 ikome. Halafu tuige Mlima Meru: pale kuna askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa ajili ya nyati na tembo, anayeongoza kundi kutoka geti la Momella. Huduma yake unailipia hifadhi. Kilimanjaro nayo iwe na viongozi wa geti, wasafiri wanne watano wasiojuana waunganishwe asubuhi.

Daftari la Geti
Askari wa Meru anakulinda na nyati, hakubebei maji. Hapo ndipo mipango ya mezani inapofia. Chukua njia ya Machame: kambi ya Barafu, mita 4,673, haina maji. Ya mwisho ni ya kijito cha Karanga. Wagumu, yaani wapagazi, wanayabeba kutoka huko, na mgeni anaoshwa uso kwa maji ya moto bila kuuliza yalikotoka.

Anayejitegemea lazima aondoke Karanga na maji ya kupikia jioni, ya usiku wa kilele na ya kushukia. Lita 6 si za anasa, na ni kilo 6. Hema 2, begi la kulalia la baridi kali 1.5, godoro nusu, nguo 3, jiko na sufuria nusu, begi lenyewe 2, chakula kilichobaki 2. Tayari ni kilo 17 na nusu, za kupandisha karibu mita 700 siku ileile atakayoamshwa usiku. Mgumu sheria inampa mzigo usiozidi kilo 20, tena yeye amezaliwa miinuko hii na haendi kileleni usiku ule.

Jingine dogo lenye kuua safari: mtungi wa gesi hauruhusiwi kwenye ndege. Ukifika Moshi ukakosa wenye mdomo wa kufungwa kwa skrubu, jiko lako ni kopo.

Chai ya Tangawizi
Basi aajiri mgumu mmoja moja kwa moja. Mzigo unabebwa, ajira inabaki, kampuni inakaa kando.

Mzee wa Mizigo
Mgumu huyo atalala hema la nani? Buti zake na sweta nani amezikagua? Kampuni ikimdhulumu, ina ofisi na leseni ya kupoteza. Mgeni akikata posho kisha akapanda ndege, utamfuata Amsterdam? Mnajadili uhuru wa mwenye begi mkimsahau aliye chini ya begi.

Kaa la Moto
Nalisoma hapa neno mazingira likinyemelea, nalikata mapema. Moto wa Oktoba 2020 ulianzia Whona, kati ya Mandara na Horombo, na maelezo ya awali ya wakati ule yaliwataja wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni. Kundi lenye kiongozi, hilo. Msafiri mmoja na jiko lake la gesi anachafua kidogo kuliko msafara wa watu watano wanaomhudumia.

Daftari la Geti
Msafiri mmoja, ndiyo. Wakija 200 kwa siku, nani atajua nani ameacha nini? Aconcagua wanakupa mfuko wa taka wenye namba, usiporudi nao unatozwa faini. Mfuko huo uje kwanza, ndipo tuongee.

Mleta mada
Naona hata wanaotaka lifutwe wanadai kitu cha kuziba pengo: daktari, mfuko wa taka, mkataba wa mgumu. Daktari huyo akae Horombo au Kibo? Akikaa Kibo, mtu ameshapanda mita 2,000 kwa siku mbili ndipo aambiwe shuka. Akikaa Horombo, wa Machame hawapiti pale. Mpanga Ratiba, viongozi wako wa geti: kundi la wanne, mmoja akazidiwa Gilman's, kiongozi mmoja anashuka na mgonjwa au anabaki na watatu?

Mpanga Ratiba
Wote wanne wanashuka. Iandikwe kwenye fomu, kila mmoja asaini getini kabla ya kulipa.

Chai ya Tangawizi
Dola elfu moja mfukoni mwa hifadhi, na kilele changu kinategemea mapafu ya mtu niliyekutana naye asubuhi? Hapo hata mimi narudi kwa kampuni.