Mrejesho: tanki na pampu baada ya kubadilisha injini ya Hilux

Wakuu, niliuliza kama tanki la Hilux yangu ya kabureta (injini ya 22R) lingefaa nikifunga injini ya 3RZ-FE, ambayo ni ya EFI (mafuta hupulizwa kwa nozeli zinazoongozwa na kompyuta, si kabureta). Nimeishia kuchukua tanki la mtumba la Hilux ya EFI, pampu ikiwa humohumo. Pampu ya zamani ilitoa psi (kipimo cha presha) chache tu. 3RZ inataka 38 hadi 44. Tena ndani kuna kibeseni kinachozunguka pampu, kwa hiyo mlimani petroli ikibaki kidogo pampu haivuti hewa.

Vishikio havikulingana na chesisi, fundi akachomelea vipya, tanki likiwa limeshushwa na kuwekwa mbali (msithubutu vinginevyo!). Mipira yote ni ya presha, njia ya kurudisha mafuta ipo, pampu ina rilei na fyuzi yake.

Selfu moja, inawaka. Tatizo geji: tanki limejaa, yenyewe inasoma nusu. Nibadilishe floti (boya la ndani ya tanki linalopima mafuta)?