Maporomoko ya maji, kwenda na kurudi siku moja kutoka Tanga mjini: Amani, Soni au Hale?

Binti Chumbageni

Shikamooni wakubwa zangu, wengine habari za leo. Tunataka kutoka siku moja kwenda kuona maporomoko ya maji, tuondoke Tanga mjini asubuhi na jioni tuwe nyumbani. Tupo wanane: watu wazima watano, watoto wawili wa miaka 7 na 10, na mama yetu ambaye magoti yanamsumbua akishuka mteremko. Gari ni Noah ya kukodi, na dereva hajawahi kupanda milima ya huko. Wengine wanasema Amani, wengine Soni, na mmoja kashikilia Hale eti ndiko karibu. Tulikuwa tunafikiria Pasaka. Watoto wanataka kuoga. Naombeni muongozo, hasa njia na mambo ya kuangalia.

Mzee wa Zigi

Marahaba mwanangu. Pasaka iondoe kwanza, hayo mengine yatakaa sawa. Pasaka inaangukia ndani ya masika, na masika ya Usambara si ya mchezo. Amani inapata karibu milimita 1,900 za mvua kwa mwaka. Maji yatakuwa mengi kweli, lakini rangi yake ni chai ya maziwa, njia za msituni ni tope tupu, na barabara ya Muheza kwenda Amani kwa sehemu kubwa ni ya udongo, inateleza vibaya. Noah yenye gurudumu mbili za kuvuta na watu wanane ndani itakwama kwenye kona za juu ya Zigi, mtashuka kusukuma na nguo za sikukuu.

Nendeni mwishoni mwa Juni au Saba Saba. Mvua imekata, njia imekauka, lakini vijito bado vina nguvu kwa sababu msitu unayaachia maji taratibu. Mkichelewa hadi Septemba mtakuta maji yamepungua, na vuli ikianza mnarudi kwenye utelezi.

Kwa Amani hesabu ni hii. Tanga hadi Muheza lami, kama kilomita 40. Muheza hadi ofisi za hifadhi Amani ni 35 hivi, nyingi za vumbi, zinakula saa moja na nusu mpaka mbili. Msidanganywe na ufupi wake. Geti lipo Zigi, pale kwenye jengo la zamani la stesheni ya reli ya Wajerumani. Kuanzia hapo ndipo mlima unapoanza: kona za kukunja, mawe yametokeza, na sampo ya Noah (chombo cha oili chini ya injini) iko chini. Watu wazima washuke kwenye sehemu mbili tatu mbaya, gari linyanyuke kidogo. Akipasua sampo huko, safari imeishia hapo.

Malipo ya hifadhi ni ya serikali, yanapitia control namba, si noti mkononi. Mtandao bondeni unakuja na kuondoka, kwa hiyo wekeni salio la kutosha kwenye simu mbili za mitandao tofauti mkiwa bado Muheza. Kila mtu mzima abebe kitambulisho, maana kiingilio cha raia na cha mgeni havifanani hata kidogo. Chukueni mwongozaji pale pale. Njia zinapishana na mashamba ya chai, na mtu asiyezijua atatembea saa nzima akisikia maji bila kuyaona.

Jambo moja kuhusu sabuni. Mto Zigi ndio unaojaza bwawa la Mabayani, na Mabayani ndiyo bomba lenu hapo Chumbageni. Watoto waoge, sabuni ibaki nyumbani.

Kange Kwanza

Naheshimu alivyosema mzee, ila kwa mama mwenye magoti mimi ningepigia Soni. Amani ni ya kutembea. Soni maporomoko yanaonekana ukiwa barabarani, barabara ya lami ya Mombo–Lushoto inapita jirani kabisa. Mama akikaa juu haoni kwamba kaachwa.

Gharama yake ni umbali. Tanga–Segera kilomita 72, halafu Korogwe, halafu Mombo. Mpaka hapo 130 na kidogo. Kutoka Mombo kupanda Soni ni kama 20. Kwenda na kurudi weka 310. Noah iliyojaa watu, na mlima juu yake, ihesabu kilomita 9 kwa lita, kwa hiyo lita 35. Amani kwenda na kurudi ni lita 18 hadi 20 tu. Mwambie mwenye gari mapema unakwenda wapi, maana bei ya kukodi ya "mkoani" anaweza kuipiga tofauti na "Muheza".

Ratiba ipange kuanzia jioni kurudi nyuma. Mnataka kuwa Tanga saa 1 usiku? Basi muwe mmeshuka Mombo saa 10 alasiri, na Soni muondoke saa 9 na nusu. Asubuhi mtoke saa 12 kamili. Kati ya Segera na Mombo vijiji ni vingi na vibao vya 50 ni vingi vilevile, na tochi za trafiki za kupima mwendo zinakaa baada ya kibao, si kabla. Dereva asijaribu kufidia muda hapo.

Sasa kushuka mlima, na hili dereva asiyeujua alisome mara mbili. Kuanzia Soni hadi Mombo barabara inashuka mfululizo, ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande wa pili. Asishuke kwa kukanyaga breki muda wote. Breki zikipata moto utaanza kusikia harufu ya kuungua, kisha pedali inalainika na kuzama, na hapo gari halisimami tena. Gia ya otomatiki aiweke 2, kwenye kona kali L, injini ndiyo ishikilie gari. Breki aguse kwa vipande, akanyage na kuachia. Harufu ikija, aegeshe pembeni dakika 20 na asimwagie maji magurudumu. Kona zisizoonekana apige honi, na anayepanda apishwe. Mvua ikinyesha mawe huporomoka kutoka juu, sababu nyingine ya kuiacha Pasaka.

Fundi Bomba

Huyo wa Hale mwambieni apumzike. Mto Pangani pale unazalisha umeme: mtambo wa Hale wa mwaka 1964 ni megawati 21, na chini yake kuna mtambo mpya wa Pangani wa 1995, megawati 68. Maji yanachepushwa kwenda kwenye mitambo, kwa hiyo yale mliyotegemea kuyaona yakianguka huenda yamo ndani ya bomba. Yakiachiwa, mto unapanda bila mvua hata tone. Ni eneo la TANESCO, ruhusa inaombwa kabla, hauibukii tu na sufuria ya pilau. Na Pangani ina mamba. Pa kuoga watoto si hapo.

Binti Chumbageni

Asanteni sana jamani, Hale imekufa na Pasaka imekufa. Sasa tunaegemea Soni, Saba Saba. Je, watoto kuoga chini ya maporomoko ni salama? Na mama, kuna namna ya kumshusha hata nusu njia?

Mzee wa Zigi

Soni kwa mama, nakubali, Kange kanishinda hapo.

Kuoga: si chini ya maporomoko yenyewe. Maji yanayoanguka yanachanganyika na hewa, na maji yenye povu hayambebi mtu. Anayejua kuogelea baharini Raskazone atashangaa anazama. Tena juu ya mlima kuna magogo na mawe yanayokuja na maji, hayapigi hodi. Watoto wakae kwenye maji yanayokimbia ya kufika magotini, mbali na povu, na mtu mzima mmoja kwa kila mtoto awe upande wa chini wa mkondo, si ukingoni akipiga picha. Madimbwi yaliyotulia yenye majani wayaache, huko ndiko konokono wa kichocho wanakopenda.

Jicho moja liwe juu kwenye mawingu ya mlimani. Inaweza kunyesha Lushoto wakati kwenu jua linawaka. Maji yakigeuka rangi, yakianza kuleta majani na vijiti, au mngurumo ukibadilika, tokeni wote papo hapo, hata kama yamepanda kidole kimoja tu. Msikusanye vitu. Na msile chakula upande wa pili wa mto, maana ukijaa mmebaki ng'ambo.

Miguuni: ndala na yeboyebo hapana. Mawe yana ukoga wa kijani usioonekana yakiwa na maji, na soli laini ya plastiki inapita juu yake. Raba yenye meno, au katambuga zilizofungwa nyuma. Kanyageni jiwe kavu lenye chengachenga, jiwe jeusi linalong'aa mliruke.

Kange Kwanza

Kuhusu mama: mshusheni kwa fimbo mbili, si moja. Mtu mmoja atangulie mbele yake ngazi moja chini, na mama amshike bega. Akishikwa mkono kutoka nyuma akiteleza anawavuta wote. Ashuke kimshazari, zigizaga, goti liwe limekunjwa kidogo. Asiposikia vizuri baada ya hatua 20 arudi, kupanda hakumuumizi kama kushuka. Vijana wa pale watajitolea kuwaongoza. Kubalianeni bei kwa watu wote kabla ya kushuka, na bei iwe ya kwenda na kurudi.

Mama Ntilie wa Ngamiani

Mmesahau tumbo. Pilau ya nazi msibebe, gari linapata joto na ikifika saa 6 imechacha. Chapati, mayai ya kuchemsha, mihogo ya kukaanga, chumvi kando. Maji lita 2 kwa kila mtu. Machungwa nunueni Muheza mkipita, mboga za Lushoto nunueni Soni wakati wa kurudi. Vifungasheni kwenye kikapu, rambo zimepigwa marufuku tangu Juni 2019. Watoto wanaotapika kwenye kona wale kitu kikavu Mombo kabla ya kupanda, na wakae kiti cha katikati waangalie mbele, simu ziwekwe mfukoni.