Jiko la gesi la mfuniko limekula nyusi zangu, naomba ushauri kabla ya Jumamosi

MwanaKigamboni

Wakuu, habari za jioni. Nina jambo, msinicheke.

Kaka yangu anaishi Reading, Uingereza. Mwezi uliopita kontena la mizigo yake lilifika, na ndani alinitilia jiko la gesi la kuchomea nyama. Lile kubwa la magurudumu, lina mfuniko kama kasha, mirija mitatu ya moto chini na saa ya joto usoni. Majirani walikuja kulitazama kama gari jipya. Regyuleta (kile kifaa cha kupunguza presha ya gesi) iliyokuja nalo ilikataa kukaa kwenye mtungi wetu, basi fundi wa mtaani akaikata, akafunga nyingine yenye kishikio cha kuzungusha juu, ile ya majiko makubwa ya mama lishe, na kipande cha mpira alichokuwa nacho kwenye begi.

Jumapili nikajaribu. Nikafungua gesi, nikabonyeza kiwashio: kimya. Tena: kimya. Nikadhani upepo unazima, nikashusha mfuniko ili niukinge, nikabonyeza mara ya tatu. Wakuu, mfuniko uliruka wenyewe. Buum! Nyusi zote mbili zimekwenda, na ndevu za upande mmoja. Mke wangu alikuwa ameshika bakuli la kachumbari, mpaka leo hatujui lilikwenda wapi.

Baadaye nikawasha kwa kiberiti, likakubali. Mapaja ya kuku yakawa meusi tii ndani ya dakika kumi, ukikata, damu. Watoto wakala chipsi mayai.

Jumamosi ya wiki ijayo nina wageni 20. Mke amesema jiko likae mbali na nyumba au mimi nikae mbali na nyumba. Kwa sasa lipo chini ya banda la makuti uani. Niuze nirudi kwenye mkaa, au kuna namna? Naomba kuwasilisha.

Jogoo_la_Shamba

Picha ya nyusi iko wapi?

MzeeWaMkaa

Uza. Nyama choma ni mkaa, mengine ni kupasha chakula moto.

BiMkubwa_Tanga

Pole sana mwanangu. Mshukuru Mungu macho yamebaki. Umeweka dawa gani usoni? Usipake dawa ya meno kama wanavyosema watu, maji ya kawaida yanatosha, na kama ngozi imetoa malengelenge nenda hospitali.

FundiGesi_DSM

Mkuu, kabla hujauza wala kununua nyama, funga mtungi, toa hiyo regyuleta na usiliguse jiko tena mpaka usome hapa.

La kwanza ni hiyo regyuleta. Yenye kishikio cha kuzungusha ni ya presha kubwa. Inafaa jiko la chuma la kupikia pilau la harusi, siyo jiko lako. Tafuta kibao kidogo cha bati mgongoni au ndani ya mlango wa chini. Kama ni la soko la Uingereza kitakuwa kimeandikwa milibar (kipimo cha presha) 28 hadi 30 kwa gesi ya butani na 37 kwa ya propani. Gesi yetu ya mitungi ni mchanganyiko wa hizo mbili, na regyuleta ya kawaida ya nyumbani hutoa kwenye 28 hadi 30 hivi. Hiyo ndiyo uiweke. Ya presha kubwa inasukuma gesi mara nyingi zaidi ya vile matundu ya jiko yalivyotobolewa, ndiyo maana kuku wako ameungua kama amechomelewa na fundi wa mageti.

Mpira nao. Mpira wa gesi una maandishi ubavuni na aghalabu tarehe. Kama wako hauna hata herufi moja, huo ni mpira wa maji, na gesi hii inaudhoofisha mpira wa namna hiyo kidogo kidogo mpaka unapasuka. Nunua mpya, mita moja na nusu inatosha, funga kwa klipu za skrubu pande zote mbili. Waya wa kufungia si klipu.

Ukishafunga, vitufe vyote vikiwa vimezimwa, fungua mtungi, changanya sabuni ya maji na maji kidogo, paka kwa brashi kwenye kila maungio. Povu likivimba, gesi inavuja. Usije ukapima kwa kiberiti, nimeshaona mtu anafanya hivyo mbele ya macho yangu na alikuwa fundi.

Sasa ule mlipuko. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Haipandi juu ikaenda zake, inashuka na kutulia kwenye shimo lolote. Wewe uliifungulia mara mbili bila kuwaka, ikajaa ndani ya lile kasha, kisha ukaifunika na kuipa cheche. Kuwasha ni hivi: mfuniko juu kabisa, uso pembeni usiinamie, fungua mtungi taratibu, washa mrija mmoja ulio karibu na kiwashio. Ukihesabu mpaka tano haujawaka, zima kila kitu, acha mfuniko wazi, subiri dakika tano. Kunywa maji. Halafu ndiyo ujaribu tena.

MwanaKigamboni

Mkuu nimetoka kuangalia. Mpira hauna maandishi yoyote, na ni wa kijani. Nimenyamaza kimya. Kibao nimekiona, ni 28-30/37 kama ulivyosema, na kimeandikwa kW 9.6.

FundiGesi_DSM

Wa kijani ni wa kumwagilia bustani.

Hiyo kW 9.6 ni mirija yote mitatu ikiwa juu kabisa. Kilo moja ya gesi ina karibu kWh 12.8, kwa hiyo kwa moto wote utakula kama robo tatu ya kilo kwa saa. Mtungi wa kilo 6 utakupa saa nane kwa hesabu, lakini kwa wageni 20 chukua wa kilo 15. Mdogo ukinyonywa sana unapoa, unaanza kutoa jasho, na moto unalegea katikati ya shughuli. Mtungi usimame wima pembeni, usikae chini ya tumbo la jiko, na mpira usipite karibu na chuma cha moto.

Mswahili_wa_Perth

Habari za huko. Mimi ni mtu wa Mombasa, niko Perth, Australia mwaka wa tisa. Huku majiko haya ni kama sufuria, kila nyumba inalo, hata kwenye bustani za umma yapo.

Nilikuwa nangoja mtu aseme kuhusu makuti, naona hakuna. Ndugu yangu, litoe jiko chini ya makuti leo hii, hata kama ni usiku. Mafuta yakishika moto, ulimi unapanda juu ya mfuniko bila kuomba ruhusa. Liweke wazi, mita moja au zaidi kutoka ukuta wowote, chini pawe sawa. Na mvua ikinyesha usiliingize barazani wala gereji, hewa yake ya sumu haina harufu na haikuamshi.

Kingine. Jiko limekaa kwenye kontena miezi. Buibui na nyigu wanapenda sana kujenga ndani ya ile mirija, pale inapokutana na kitufe. Mimi langu liliwahi kuwaka moto nyuma ya vitufe, mbele ya tumbo langu, kwa sababu ya tope la nyigu dogo kama punje ya maharage. Chomoa mirija, piga brashi nyembamba ndani, itazame kwenye mwanga. Moto mzuri ni wa buluu wenye ncha ya njano kidogo. Ukiwa wa njano wote na unacheza cheza, hewa haipiti.

MamaKiungani

Mimi niseme mapishi maana hapa naona vyuma tu.

Kosa lako la kuku si la moto pekee, hata ungekuwa na regyuleta ya sawa ungeunguza. Umelichukulia kama jiko la mkaa, nyama juu ya moto na wewe na upepeo. Hili ni oveni yenye moto chini. Ule mfuniko ndio unaopika. Unawasha ukiwa wazi, ukishawaka unaufunga dakika kumi mpaka kumi na tano chuma kipate moto, unakwangua wavu kwa brashi ya waya (kisha upangusie kitunguu kilichokatwa nusu kwenye uma, kinatoa masizi na kinaokota vijiwaya vilivyokatika kwenye brashi, maana kikienda tumboni ni upasuaji).

Halafu zima mirija miwili, bakiza mmoja wa pembeni. Kuku unamuweka upande uliozimwa. Umesikia? Uliozimwa. Funga mfuniko, saa ya joto ikae kwenye nyuzi 180 za Selsiasi, nenda kakae. Mapaja yanachukua dakika 35 mpaka 45. Kila ukifungua kuchungulia umemtoa kuku kwenye oveni, kwa hiyo acha kiherehere. Mwisho kabisa unamhamishia upande wenye moto dakika tatu nne, ngozi ikauke na ipate rangi.

Hiyo saa ya mfuniko inapima hewa ya juu, haijui kuku ana hali gani. Nunua kipimajoto cha kuchoma kwenye nyama. Unakidunga sehemu nene bila kugusa mfupa, kikisoma 74 kuku ameiva, kikisoma 65 mrudishe hata kama nje anapendeza. Mimi nilikuwa nasema macho yananitosha, mpaka siku tulipolala na ndoo familia nzima.

Kama ni kuku wa kienyeji, mchemshe kwanza na tangawizi, kitunguu saumu na chumvi, na supu yake wape wageni wakifika. Asali, tomato sosi na kila chenye sukari unapaka dakika za mwisho. Ukipaka mwanzo utapata ule weusi ulioupata. Na yale maji ya viungo uliyolowekea nyama mbichi usiyapake kwenye nyama iliyoiva mpaka uyachemshe.

MzeeWaMkaa

Na moshi? Atautoa wapi moshi? Nyama bila moshi ni nyama ya wodini.

MamaKiungani

Mzee, moshi unaoupenda wewe mwingi wake ni mafuta yanayodondokea mkaa. Hapa yanadondokea vile vibao vya bati juu ya mirija, yanatoa moshi uleule. Akitaka zaidi avunje vifuu vya nazi vikavu, au vipande vya mwembe, afunge kwenye karatasi ya foili, atoboe matundu machache, aweke juu ya mrija unaowaka. Moshi ukianza ndiyo aweke nyama. Mbao za fundi seremala asitie, zina rangi na dawa. Na mkaa asiutie humo, jiko halikuundwa kwa ajili hiyo.

MzeeWaMkaa

Vifuu nimekubali. Gesi bado.

Dereva_wa_Naivasha

Niaje wakuu. Huku Kenya nyama ni mbuzi, sijaona mtu akitaja mbuzi. Mbavu na mguu weka upande usio na moto, joto 150, masaa mawili na nusu, chumvi peke yake. Usikimbize. Mshikaki ndio unaweza kaa juu ya moto moja kwa moja, dakika nane ama kumi ukigeuza. Vijiti loweka nusu saa, la sivyo vinashika moto kabla ya nyama.

Swali langu: mafuta ya mbuzi yakishika moto unafanyaje? Yangu yalinishinda.

FundiGesi_DSM

Ukiona ulimi mdogo tu, sogeza nyama upande wa pili na upunguze moto, utakufa wenyewe. Ukiona jiko zima linawaka ndani, zima vitufe, funga mtungi kama unafikika bila kuungua, mfuniko uache chini, ondoa watu. Maji usimwage kabisa, mafuta yatarukia watu. Moto ukiwa kwenye mpira au mtungi na huwezi kufunga, kimbia na upige 114 kwa huku Tanzania.

Lakini nyingi ya mioto hii inaanzia kwenye trei ya chini ambayo haijamwagwa tangu sikukuu iliyopita. Imwage kila ukimaliza, jiko likishapoa. Na msitandaze foili chini nzima eti kurahisisha usafi, mnaziba hewa na mnatengeneza dimbwi la mafuta.

Ukimaliza kupika, anza kufunga mtungi, acha moto ule gesi iliyobaki kwenye mpira mpaka ufe, kisha ndiyo vitufe. Na upepo ukiwa mkali na mfuniko umefungwa, chungulia mara moja moja pembeni kama moto upo. Unaweza kuzimika ukiwa chini na gesi ikaendelea kuingia, na hadithi ya nyusi ikaanza upya.

MwanaKigamboni

Mrejesho wa Jumapili, kama nilivyoahidi watu wa inbox.

Regyuleta mpya, mpira mpya wa rangi ya chungwa wenye maandishi, sabuni ilivimba kwenye klipu moja, nikaikaza mpaka ikatulia. Kwenye mrija wa kati nimetoa tope la nyigu pamoja na nyigu mwenyewe, mkavu. Jiko limehamia katikati ya uwanja, hatua kumi na mbili kutoka makuti. Kuwasha nilisimama pembeni kama mtu anayefungua mlango wa jirani mwenye mbwa. Likawaka mara ya kwanza, buluu, bila hata kelele.

Mapaja 40 kwa mafungu mawili. La kwanza dakika 40, kipimajoto kikasoma 76. La pili nilikuwa na haraka nikatoa mapema, nikadunga, 68, nikarudisha mfuniko chini huku wageni wananitolea macho. Mbuzi wa Naivasha alichukua karibu masaa matatu, siyo mawili na nusu, labda kwa sababu nilifungua mara tatu. Kifuu cha nazi ndicho kilichowamaliza. Baba mkwe aliuliza mkaa nimeuficha wapi.

Nyusi zinaota taratibu. Na bakuli la kachumbari limepatikana, juu ya paa la banda la kuku, zima.

Jogoo_la_Shamba

Na kachumbari?

MwanaKigamboni

Kuku wamekula.